Konda Hana Roho Mbaya: Namna Ninavyofundisha Sosholojia Chuo Kikuu

(Hotuba kwa wahadhiri wasaidizi wapya wa sayansi za jamii, Dar es Salaam. Imehaririwa kidogo ili isomeke.)

Ndugu Mwenyekiti, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo upande wa Taaluma, Rasi wa Ndaki, wakuu wa idara, walimu wenzangu, na ninyi vijana mlioanza kazi muhula huu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na ambao sijawagusa, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie falsafa yangu ya ufundishaji. Maneno haya tunayajaza sote kwenye fomu za kupandishwa cheo, na ukizisoma fomu zile zinafanana kama sare za shule. Kila mmoja wetu anasema anamweka mwanafunzi katikati. Ukiingia darasani unamkuta mwanafunzi kweli yuko katikati: kabanwa na wenzake mia nne, ananakili slaidi.

Kwa hiyo falsafa tuiache kwanza. Tuanze na daladala.

Wiki ya kwanza ya muhula, kabla sijataja jina la msomi yeyote, nawapa mwaka wa kwanza kazi moja. Nendeni kituoni saa wanafunzi wa shule wanapotoka, Mwenge, Ubungo, Gongo la Mboto, popote mnapopajua. Chukueni daftari, gaweni ukurasa kwa mstari wa katikati. Kushoto andikeni mlichokiona na mlichokisikia. Kulia andikeni mlichokidhania. Wanaondoka wakinung'unika kwamba hii ni kazi ya darasa la tano.

Wanaporudi, madaftari mengi yana sentensi moja, na imeandikwa kwa herufi za kujiamini kabisa upande wa kushoto: "Konda ana roho mbaya, hataki kubeba wanafunzi."

Nawauliza: hiyo roho uliiona wapi?

Wanacheka. Halafu tunaanza kazi. Mmoja anasimama anasoma, wengine wanamsimamisha kila anapoingiza dhana kwenye safu ya macho. Ikichukua nusu saa, tunabaki na kitu cha namna hii: konda alisimama mlangoni, mkono kwenye bomba, mguu umeziba ngazi. Wanafunzi sita wa sekondari walitangulia kufika. Akampitisha mama mwenye ndoo, akapitisha wanaume watatu, akapitisha dada mmoja wa ofisini. Gari lilipoanza kuondoka akautoa mguu, wanafunzi wawili wakarukia, wakasimama. Wanne wakabaki kituoni.

Sasa tuna kitu cha kufanyia kazi. Swali linalofuata ni la hesabu tu. Nauli ya mwanafunzi Dar es Salaam ni shilingi 200. Mtu mzima kwenye njia fupi analipa 600. Nafasi ikikaliwa na mwanafunzi, shilingi 400 hazikuingia. Zimetoka mfukoni mwa nani? Mwanafunzi mmoja ambaye kaka yake ni dereva hujibu kabla sijamaliza kuuliza: za konda na dereva. Maana madereva na makonda wengi hawana mshahara wa mwezi. Jioni mwenye gari anataka hesabu yake, kiasi kilichopangwa, gari liwe lilijaa au halikujaa. Mafuta wanajaza wao. Trafiki akiwasimamisha, hiyo ni juu yao. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo mboga ya nyumbani.

Kwa hiyo serikali imepanga punguzo kwa mtoto wa shule, jambo jema, ila aliyeachiwa alilipie ni kijana anayening'inia mlangoni. Naye kwa kuwa hawezi kumpunguzia mwenye gari hesabu, anamsogezea mtoto gharama: mtoto analipa kwa kusimama, au kwa kubaki kituoni mpaka jua linazama. Mchukue mwanafunzi wangu mpole kuliko wote, mweke kwenye mlango ule na hesabu ile ile, mpe wiki mbili. Mguu wake utaziba ngazi.

Simtetei konda. Binti anayeachwa kituoni mpaka giza linaingia ana kila haki ya kulalamika, na akitukanwa ana haki ya kwenda polisi. Lakini wa kulalamika tunao wengi. Sisi tumeajiriwa kufundisha watu kutoka kwenye tabia ya mtu kwenda kwenye mpangilio unaoizalisha tabia hiyo. Hilo ndilo somo langu lote. Muhula mzima ninalirudia kwa sura tofauti, na mwanafunzi akilipata, mengine atayasoma mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo wazee, yaani waasisi wa sosholojia, wanaingia darasani. Mnajua tulivyofundishwa sisi: wiki ya kwanza Comte, ya pili Durkheim, ya tatu Marx, ya nne Weber, na kila mmoja na mwaka wake wa kuzaliwa. Tulifaulu. Mimi nawaleta baadaye, wakiwa na kitu cha kukifanyia kazi. Durkheim aliandika mwaka 1895 kwamba mambo ya kijamii yako nje ya mtu mmoja mmoja na yana nguvu ya kumlazimisha. Ukimwambia hivyo mwanafunzi siku ya kwanza, ataikariri sentensi na kuirudisha kwenye mtihani kama alivyoipokea. Ukimwambia baada ya daladala, anainua kichwa: kumbe ni hesabu! Hesabu iko nje ya konda, aliikuta, ataondoka ataiacha, na asipoitii anapoteza gari. Halafu Marx anapouliza gari ni la nani, na Weber anapouliza konda mwenyewe anaelewaje anachokifanya, wanafunzi wanaanza kubishana wao kwa wao. Mimi nakaa pembeni nanywa maji.

Orodha yenyewe ya wazee pia nimeifungua. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika Muqaddimah mwaka 1377, akichambua kwa nini mshikamano wa watu wa nyikani huwapa nguvu ya kutwaa dola, na kwa nini mshikamano huo huyeyuka wakishakaa mjini vizazi vichache. Ukimsoma mtu huyu, habari ya kwamba taaluma yetu ilizaliwa Ufaransa karne ya 19 unaisikiliza kwa sikio moja.

Ila wa kukaa naye zaidi, kwangu mimi, ni W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, na sababu yangu ni ya kialimu. Mwaka 1896 aliitwa Philadelphia kuchunguza maisha ya watu weusi wa kata ya saba ya mji ule. Waliomwita walikuwa na jibu lao tayari: weusi wale ndio tatizo, mhalifu, mvivu, mchafu. Safu ya kulia imeshajazwa, safu ya kushoto tupu. Du Bois akahamia kata hiyo hiyo na mke wake, akatembea mlango kwa mlango yeye mwenyewe, kaya zipatazo 2,500. Nani analala humu, anafanya kazi gani, analipwa kiasi gani, kodi ya chumba ni ngapi, alizaliwa wapi. Kitabu kilipotoka mwaka 1899 kilionyesha watu wa matabaka mbalimbali, waliofungiwa milango ya ajira na kutozwa kodi kubwa kwa vyumba vibovu. Mpangilio, siyo roho. Wakati huo alikuwa ameshakwenda kufundisha Atlanta, na huko akaendesha tafiti za mwaka hadi mwaka kuhusu maisha ya weusi wa Marekani. Pesa alikuwa nazo chache mno. Ninapomsikia mwenzetu akisema haiwezekani kufundisha kwa utafiti bila bajeti, huwa namkumbuka.

Hata hapa nyumbani tuna urithi wa namna hiyo, tumeusahau tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Ukitoka mlangoni uko Kariakoo. Mwaka 1964 kikahamia mlimani. Mlima ule siuonei wivu, una upepo mzuri, lakini tangu siku ile inabidi tupande gari kwenda kuliona somo letu. Waliolitambua hilo mapema wapo. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, kabla hajarudi kufundisha historia pale mlimani mwaka 1969, alikuwa Jamaika akikaa vijiweni na Marasta na watu wa mitaa ya mabanda, akizungumza nao historia ya Afrika. Serikali ya kule ikamzuia kurudi nchini Oktoba 1968. Na miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyefanya kazi hapa, aliongoza mradi wa Jipemoyo magharibi mwa Bagamoyo, ambako wanakijiji walikaa na watafiti kuchambua matatizo yao wenyewe. Mbinu ile ya utafiti shirikishi leo inauzwa kwetu na washauri kutoka nje kama kitu kipya, na semina elekezi juu yake, na posho.

Nisitoke nje ya mada.

Zoezi la pili ninalotaka kuwapa ni la kaya, na linafaa sana kwa darasa la mbinu za utafiti. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Naandika 4.3 ubaoni. Nauliza: nani anaishi kwenye kaya? Mikono yote juu. Haya, wewe unayekaa geto Changanyikeni na wenzako watatu, kaya yenu ni moja au nne? Kwa karani wa sensa, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kushirikiana chakula. Hapo ukumbi unalipuka. Mmoja anasema chumba kimoja, kaya moja. Mwingine anasema kila mtu ana jiko lake la gesi, kaya nne. Basi kuna kijana mmoja alisimama nyuma kabisa akasema: "Mwalimu, boom likitoka sisi ni kaya nne. Boom likikata ni kaya moja."

Boom ni ile fedha ya mkopo wa wanafunzi. Nilisimamisha kipindi ili kila mtu aliandike hilo. Angalieni alichokifanya. Ameonyesha kwamba kipimo chetu kinategemea tarehe ya kupima, ameunganisha umbo la kaya na mtiririko wa fedha, na ameeleza kwa nini watu maskini hukaa karibu karibu zaidi ya wenye nacho. Pale alipokaa hakuwa na kitabu wala slaidi. Kazi yangu baada ya hapo ilikuwa ndogo: kumwonyesha kwamba sensa ya Tanzania humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, kwa hiyo usiku ule wa Agosti 2022 uliamua mambo mengi, kwamba wa hosteli wanahesabiwa kivyao, na kwamba namba ya 4.3 si uongo, ila imetengenezwa na watu, kwa kanuni, na kanuni zingeweza kuwa nyingine. Mwanafunzi akitoka hapo hawezi tena kuabudu takwimu, wala hawezi kuzitupa. Huyo ndiye ninayemtaka.

Tatu, kuuliza watu. Tunawafundisha kuandaa dodoso mpaka wanaota dodoso, lakini kuuliza hawajui. Binti mmoja, mwanafunzi mzuri sana, alikwenda Manzese kwa ajili ya zoezi la kazi na kipato. Akamkuta mama barazani anachoma vitumbua. Akanunua viwili, akakaa kwenye kibao, akaanza: mama unafanya kazi gani? "Sina kazi mwanangu, nipo tu nyumbani." Akaandika: hana kazi. Kwenye karatasi ile ile mafuta ya kitumbua yalikuwa yameacha duara, nililiona nikisahihisha.

Sikumkata alama. Nilimwomba asome ukurasa wake mbele ya darasa, halafu nikawauliza wenzake, hayo mafuta yametoka wapi? Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya shughuli ya kumpatia kipato hata saa moja ndani ya wiki anahesabika ana kazi. Yule mama anaamka saa kumi alfajiri. Kwa kipimo cha dunia ana kazi, kwa kinywa chake hana, na kwa karani aliyechoka jibu rahisi ndilo linaloandikwa. Yupi ana makosa? Ukimwambia mwanafunzi kwamba mama kakosea, umemfundisha dharau. Ukimwambia mama yuko sahihi, umepoteza maelfu ya wanawake kwenye takwimu. Nilimrudisha Manzese akaulize tofauti: jana uliamka saa ngapi, ukaanza na nini, baada ya hapo? Alirudi na kurasa saba. Na ndani yake kuna upatu wa Jumamosi, kuna mjukuu anayelelewa, kuna unga wa mchele unaokopwa dukani na kulipwa jioni. Kazi tele, na mwenye nayo haiiti hivyo.

Hapa nigusie lugha, kwa sababu najua mtaniuliza. Mhadhara natoa kwa Kiingereza, ndiyo sera, na mtihani uko kwa Kiingereza. Lakini mama wa Manzese hakujibu kwa Kiingereza. Daftari la kwangu linaandikwa kwa lugha aliyotumia msemaji, kama alisema Kiswahili kiandikwe Kiswahili, kama alisema Kigogo na unakijua, andika Kigogo. Mjadala wa vikundi nauachia Kiswahili. Mabinti waliokuwa kimya miezi miwili wanaanza kusema. Kuna wenzangu wanaona nashusha hadhi ya chuo. Mimi naona hadhi inashuka pale mwanafunzi wa mwaka wa tatu anapoandika sentensi nzuri ya Kiingereza isiyo na kitu ndani.

Na kwa kuwa nimetaja kimya: mara moja kila muhula nawafanya wanafunzi walichunguze darasa langu lenyewe. Kumi kati yao hawaandiki notisi siku hiyo, wanahesabu. Nani kauliza, kakaa mstari wa ngapi, mwanamume au mwanamke, mwalimu kamsikiliza muda gani kabla ya kumkatiza. Matokeo wanayasoma mbele yangu. Siwafichi, si kipindi cha raha. Ila mwalimu wa sosholojia asiyekubali kuchunguzwa ana hoja gani ya kupeleka wanafunzi kwenye baraza za watu?

Mnajiuliza: haya yote kwa wanafunzi mia nne, spika zimekufa, wengine wamesimama dirishani? Ni swali la haki. Sisahihishi madaftari mia nne. Semina ni vikundi. Kila kikundi kinasahihisha cha jirani kwa kanuni moja tu: tafuta dhana iliyojificha upande wa kushoto. Mimi napitia machache niliyoyachagua bila mpangilio, na wao hawajui ni yapi. Kazi ya kikundi nayo mnaijua, majina kumi na tano kwenye jalada, waliofanya watatu, mmoja kati yao CR, mwakilishi wa darasa. Kwangu, siku ya kuwasilisha napiga kura, jina litakalotoka ndilo linalosimama, na alama yake ni ya wote. Mara ya kwanza kunakuwa na vilio. Mara ya pili wamekesha pamoja.

Madesa, zile notisi za zamani zinazorithishwa, sihangaiki nayo. Desa la miaka mitano iliyopita haliwezi kukwambia konda alifanya nini kituoni jana. Vivyo hivyo akili mnemba, ambayo naona imewatia wengi homa. Nimeletewa insha zilizoandikwa na mashine, nzuri, laini, hazina konda, hazina mafuta ya kitumbua. Mashine inaweza pia kumtunga konda, hilo nalijua, na ndiyo maana kila daftari linafuatwa na mahojiano ya dakika tano: ulikuwa umekaa upande gani, mvua ilinyesha, yule mama alikuita nani? Aliyekuwepo anajibu huku akitabasamu.

Jambo moja msilirahisishe. Tunawapeleka vijana kwenye maisha ya watu. Hakuna kurekodi kwa siri, hakuna jina la mtu kwenye daftari, hakuna picha. Wakienda kuuliza mtaani wapitie kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wakiwa na barua ya idara. Na utafiti wa kweli, tofauti na zoezi la darasa, una taratibu zake za vibali. Mzifuate hata kama zinachelewesha. Mtu akikataa kuzungumza, mwanafunzi anaandika "alikataa" upande wa kushoto, na upande wa kulia anajiuliza kwa nini. Kukataa nako ni habari.

Namalizia kwako, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, maana nafasi ya kukupata umekaa mbele namna hii ni adimu. Haya yote yanaingia kwenye zile alama 40 za koswek, yaani kazi za muhula. Zile 60 ziko kwenye mtihani wa saa tatu, na wanafunzi si wajinga: wanajua uzito uko wapi, ndiyo maana wiki ya kumi na mbili wanaweka daftari chini wanarudi kukesha na kukariri. Ombi langu ni mawili. Turuhusiwe, kwa kozi za mbinu za utafiti tu, kuupa uwandani alama 60 na mtihani 40. Na idara itengewe nauli. Siombi basi la chuo, naomba nauli ya daladala kwenda na kurudi. Andiko liko kwa Amidi tangu muhula uliopita, kurasa nne, na viambatisho vya matokeo ya madarasa mawili.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningependa la kwanza litoke kule nyuma.